Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Dkt. Tulia Ackson: naomba somo la Ibara ya 71

Ujiji,
Manispaa ya Kigoma/Ujiji.

Mheshimiwa Dkt. Tulia Ackson (Mb.),
Mbunge wa Uyole na Spika Mstaafu wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: OMBI LA KUFUNDISHWA IBARA YA 71 YA KATIBA

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kabla ya yote naomba nikuamkie. Kwa umri, wewe uliyezaliwa mwaka 1976 ndiye ungeniamkia mimi, mwalimu mstaafu wa somo la Uraia. Kwa cheo, mimi ndiye wa kukuamkia. Basi cheo na kishinde, kama kinavyoshinda siku zote: shikamoo, Mheshimiwa.

Naomba pia radhi kwa kukuandikia hadharani. Mtu wa hadhi yako anastahili barua ya bahasha, yenye muhuri, iliyopita kwa Mtendaji wa Kata, kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Mkuu wa Mkoa. Nimechelea tu kwamba ikipanda ngazi zote hizo itafika ikiwa hoi, na wewe huna muda wa kuuguza barua za watu.

Naanza na pongezi, maana zina haki ya kutangulia. Ulisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukapata shahada ya uzamivu Cape Town mwaka 2007, ukafundisha sheria pale Mlimani. Fani uliyoibobea ni sheria ya hifadhi ya jamii, yaani haki ya mzee, ya mgonjwa na ya mjane asiye na wa kumsemea. Mstaafu kama mimi hawezi kuidharau kazi hiyo. Ungeishia hapo tu, bado ungekuwa mtu wa kuigwa.

Lakini ukaja mwaka 2015. Septemba Rais Kikwete alikuteua kuwa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Novemba ulichukua fomu ya kugombea uspika, kisha kwa unyenyekevu ukampisha Job Ndugai, Mungu amrehemu. Rais Magufuli akakuteua kuwa mbunge, na siku chache baadaye wabunge wakakuchagua Naibu Spika. Yote hayo katika miezi isiyofika mitatu. Wako mawakili wanaosubiri kesi moja ya kiwanja iitwe kwa muda mrefu kuliko huo.

Mwaka 2020 ulikwenda kwa wapiga kura wa Mbeya Mjini ukamshinda Joseph Mbilinyi, maarufu kama Sugu. Ndugai alipojiuzulu Januari 2022, ulichaguliwa kuwa Spika tarehe 1 Februari kwa kura zote 376 zilizopigwa. Wagombea wa vyama vingine hawakuambulia hata moja. Nimesimamia uchaguzi wa viranja kwa miaka mingi, Mheshimiwa, na sijapata kuona darasa lenye umoja wa namna ile. Oktoba 2023, kule Luanda, ukachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, chombo kilichoanzishwa mwaka 1889, ukawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kukikalia kiti hicho. Hapo hata sisi tusiokupigia kura tulijisikia tumepigiwa makofi.

Novemba 2025, baada ya Uyole kukupa ubunge, ulijitoa katika mbio za uspika na kiti kikaenda kwa Mheshimiwa Mussa Azzan Zungu. Ndiyo maana nimethubutu kuandika sasa. Spika aliye kitini hujibu kwa mwongozo, na mwongozo wa Spika haupingwi. Aliyeteremka kitini anaweza kujibu kama mwalimu, na mwalimu huulizwa maswali.

Utajiuliza, mtu wa Ujiji ana nini na Ibara ya 71? Naomba nieleze, maana ugeni wetu katika mambo ya sheria si mkubwa kama umbali wetu kutoka Dodoma.

Huku mwambao wa Ziwa Tanganyika watu huvua dagaa na migebuka, lakini kwa miaka thelathini wamevua pia hukumu. Wewe kama mwanasheria hukosi kuijua kesi ya Dkt. Aman Walid Kabourou. Mwaka 1994 uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini ulimpa ushindi Azim Premji wa CCM. Kabourou wa Chadema akaenda mahakamani, Mahakama Kuu ikautengua uchaguzi, na Mahakama ya Rufani ikaukubali utenguzi huo. Miongoni mwa hoja ilikuwamo Redio Tanzania, redio ya wananchi wote, iliyoelemea upande mmoja wakati wa kampeni. Mwaka 1995 Kabourou akarudi kwa wapiga kura wakamwingiza bungeni. Tangu hapo mtu wa Kigoma ukimwonea kisiasa atakuuliza kwanza jina la jaji.

Kuhusu Ibara ya 71 yenyewe, sisi ni kama wanafunzi waliorudia darasa. Ibara hiyo inasema, pamoja na mengine, kwamba mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anakoma kuwa mbunge. Niliifundisha kidato cha nne kwa chaki na ubao, na mifano yote niliipata nyumbani.

Mfano wa kwanza ni David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Desemba 2011 chama chake kilimfukuza. Akakimbilia Mahakama Kuu, ikatoa amri ya kumlinda, akabaki mbunge huku shauri likiendelea. Baadaye alipatana na chama akamaliza muhula wake. Mwaka 2014 ni yeye aliyelivalia njuga suala la akaunti ya Tegeta Escrow, mpaka Mwanasheria Mkuu wa wakati ule, Jaji Werema, akamwita tumbili ndani ya ukumbi wa Bunge. Mwaka haukuisha kabla Jaji huyo hajajiuzulu. Kama mahakama isingemlinda Kafulila mwaka 2011, nchi ingechelewa kusikia mengi.

Mfano wa pili ni Zitto Kabwe wa Kigoma Kaskazini. Naye alipogombana na Chadema alipata amri ya mahakama, Januari 2014, iliyokizuia chama kuujadili uanachama wake. Machi 2015 shauri lake likatupwa. Siku hiyohiyo chama kikatangaza kwamba si mwanachama tena, na mwezi huo haukuisha kabla hajawaaga wabunge wenzake. Hakuna aliyemwambia asubiri rufaa, wala yeye hakuomba asubiriwe. Alikwenda ACT-Wazalendo, na Oktoba mwaka huohuo Kigoma Mjini ikamrudisha.

Kutokana na mifano hiyo miwili niliwaandikia wanafunzi wangu kanuni moja ubaoni: amri ya mahakama ikiwapo, mbunge hukaa, ikiondoka, naye huondoka. Walifaulu.

Kisha yakaja mambo yaliyoifuta kanuni yangu. Machi 2017 CCM ilimfukuza Sophia Simba, na kiti chake cha viti maalumu kikaondoka naye palepale. Julai mwaka huohuo upande wa Profesa Lipumba katika CUF uliwafukuza wabunge wanane wa viti maalumu. Barua ilifika kwa Spika, na katika siku zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja viti vilitangazwa kuwa wazi. Akina mama wale walikwenda mahakamani, lakini nafasi zao zilijazwa na wengine wakaapishwa. Wakati huo, Mheshimiwa, wewe ulikuwa Naibu Spika, na sikusikia ukitofautiana na mkubwa wako. Nikafuta ubao, nikaandika kanuni mpya: chama kikisema, Spika hutekeleza, na mahakama ni ya baadaye.

Kanuni hiyo nayo haikudumu. Katika uchaguzi wa 2020 Chadema ilitambuliwa kuwa na mbunge mmoja tu wa jimbo, Aida Khenani wa Nkasi Kaskazini, ambako nako ni mwambao wa ziwa letu hilihili upande wa Rukwa. Kwa hesabu ya kura, chama hicho kilistahili pia viti maalumu 19. Chama kikasema hakiyatambui matokeo na hakijapeleka majina. Tarehe 24 Novemba 2020 wanawake 19, wakiongozwa na Halima Mdee, wakaapishwa. Tarehe 27 Kamati Kuu ya Chadema ikawafukuza wote. Mei 2022 Baraza Kuu la chama likaitupa rufaa yao, nao wakaenda Mahakama Kuu.

Hapo ndipo ulipoingia wewe kama Spika, ukalieleza Bunge kwamba wataendelea kuwa wabunge mpaka mahakama itakapoamua.

Sitaki unielewe vibaya. Uamuzi huo ulinipendeza. Ibara ya 83 inasema suala la kama mbunge amekoma kuwa mbunge litasikilizwa kwanza na Mahakama Kuu, kwa hiyo hukuwa unabuni. Na mtu wa Kigoma atapingaje subira iliyomwokoa Kafulila? Nilichukua chaki nikarudisha kanuni yangu ya zamani kwa furaha.

Furaha yangu ilianza kupungua Juni 2022, shauri la kwanza la wale 19 lilipotupwa kwa dosari za uandishi. Kwa kanuni ya Zitto, siku ile viti vingekuwa wazi. Havikuwa. Shauri likafunguliwa upya na subira yako ikaendelea bila mkunjo. Desemba 2023 Mahakama Kuu ikatoa hukumu: uamuzi wa Baraza Kuu ukabatilishwa, kwa kuwa waliokaa katika Kamati Kuu kuwafukuza walikaa tena kuisikiliza rufaa, lakini uamuzi wenyewe wa Kamati Kuu haukutenguliwa. Mwanafunzi wangu mmoja, sasa mtu mzima, aliniuliza: Mwalimu, basi wale ni wanachama au si wanachama? Nikamwambia swali hilo lina daktari wake wa sheria, na daktari huyo ndiye Spika. Tukasubiri jibu. Bunge likavunjwa mwaka 2025, wale 19 wakiwa wamemaliza muhula wao, na jibu hatujalipata.

Kwa hiyo nakuomba, kwa unyenyekevu wote, unisaidie katika mambo matatu.

Kwanza, ni kipi kilichowatofautisha wale wanane wa 2017 na wale 19 wa 2020? Wote walikuwa wanawake wa viti maalumu. Wote walifukuzwa na vyama vyao. Wote walikimbilia mahakama. Wanane waliondolewa kabla wino wa barua haujakauka, na 19 walikaa karibu miaka mitano. Watu wasio na adabu, ambao mimi sikai nao kibarazani, wanasema tofauti ni moja tu: kuondoka kwa wale wanane kulikifaa chama tawala, na kubaki kwa hawa 19 kulikifaa vilevile. Mimi nimewaambia haiwezekani, mtu aliyefundisha sheria Mlimani lazima ana sababu ya kisheria. Sasa naona haya kila wanaponiuliza ni ipi.

Pili, naomba unifundishe habari ya kuondolewa bungeni kwa haraka na polepole. Mei 2016, ukiwa Naibu Spika, Bunge liliwasimamisha wabunge saba wa upinzani kwa vurugu za Januari, walipopinga Bunge kuondolewa katika matangazo ya moja kwa moja. Miongoni mwao walikuwamo Zitto wetu, Halima Mdee na Ester Bulaya. Upinzani uliona huwatendei haki, ukawa unatoka ukumbini kila wewe ulipokalia kiti. Mdee na Bulaya haohao, miaka sita baadaye, walipata kwako subira ambayo mzazi hampi mwanawe. Nafurahi kwa niaba yao. Ila ningependa kujua ni sheria gani iliyobadilika hapo katikati, ili niirekebishe katika madaftari yangu.

Tatu, na hili ndilo linalonikosesha usingizi: kabla ya suala la kufukuzwa kulikuwa na suala la kuteuliwa. Chama kilisema hakikupeleka majina. Tume ya Uchaguzi ilisema imeyapokea kutoka kwa chama. Kauli hizo mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, hata kwa msaada wa wakili hodari. Wewe uliyewaita wabunge hao kuchangia hoja kwa miaka mitatu na nusu, uliridhishwa na karatasi gani?

Naomba usidhani nauliza kwa kuwa sisi wa ziwani hatujui kutii. Tarehe 15 Mei 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, ili samaki wapate kuzaliana. Kibirizi na Katonga mitumbwi ilipandishwa mchangani, taa zikazimwa, na mama aliyeishi kwa kuanika dagaa akatafuta pa kuanzia upya. Hakuna mvuvi aliyeambiwa kwamba anaweza kuendelea kutupa nyavu mpaka rufaa yake isikilizwe. Sheria ilianza tarehe iliyoandikwa na ikaisha tarehe iliyoandikwa, 15 Agosti. Wengi waliumia, lakini waliumia sawa, na mtu akiumia sawa na jirani yake huvumilia.

Mheshimiwa, katika kukutetea nakiri kwamba Ibara ya 71 yenyewe ina ubaya wake. Inakipa kikao cha watu wachache wa chama uwezo wa kumng'oa mtu aliyechaguliwa na maelfu. Mkulima wa Uvinza aliyempigia kura Kafulila hakuwa na kiti katika kikao kilichomfukuza. Mvuvi wa Kigoma Kaskazini hakuulizwa mwaka 2015. Mchungaji Christopher Mtikila aliliona hilo mapema, akapigania haki ya mtu kugombea bila chama mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, kule Arusha, ikampa ushindi mwezi Juni 2013. Hukumu hiyo imekaa miaka, Bunge limeipita kila siku kama jiwe la njiani, na miaka mitatu na zaidi kati ya hiyo Bunge lilikuwa chini ya uongozi wako. Ungetaka kweli kuwalinda wabunge dhidi ya hasira za vyama, njia ilikuwa wazi na ilikuwa ya kisheria: kuibadili Ibara ya 67 na ya 71, ili mgombea binafsi aruhusiwe na mbunge asipoteze kiti mpaka mahakama iseme. Kinga hiyo ingemfunika kila mtu. Uliyoitoa wewe iliwafunika 19.

Hapo, kwa ruhusa yako, ndipo nilipo na neno langu moja la ukali, na nitalisema polepole. Mwanasheria anapoingia siasa, sisi tusiosoma sheria hutarajia kwamba siasa itapata kitu cha kuiogopa. Tunachokiona mara nyingi ni kwamba siasa imepata mtu wa kuiandikia sababu. Wewe ulikuwa na elimu ya kutosha kutenda la kwanza. Kwa Ibara ya 71 ulitenda la pili, na ulilitenda kwa ufasaha mkubwa.

Bado hujachelewa. Wewe ni mbunge, na mbunge ana haki ya kuleta hoja binafsi. Una sauti ambayo mabunge ya dunia nzima yameisikiliza. Naomba ulete hoja ya kurekebisha ibara hizo mbili, na uombe mashauri ya uanachama wa wabunge yawekewe ukomo wa muda, kama yalivyowekewa mashauri ya kupinga matokeo ya uchaguzi. Naomba pia uandike, kwa kalamu yako ya kialimu, sababu za uamuzi wako wa Mei 2022 na sababu za ukimya wako baada ya Desemba 2023, ili wanafunzi wa sheria wazisome, wazipime, na ikibidi wazikatae. Ukifanya hivyo nitakuwa wa kwanza Ujiji kusimama barazani na kusema nilikuwa na haraka ya kuhukumu.

Ukiona haifai kujibu, sitalalamika. Nitawafundisha wajukuu wangu Ibara ya 71 kama ilivyotumika: kwamba ina maneno yaleyale kwa watu wote na maana tofauti kwa kila mtu.

Nabaki raia wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu wa Uraia,
Ujiji.

Nakala:
Mheshimiwa Spika wa Bunge: kwa taarifa.
Wabunge wote wa Mkoa wa Kigoma: kwa tahadhari, maana Ibara ya 71 haijabadilishwa.